Ukoo wa Harriet Tubman

Injili ya Mathayo huanza kwa orodha ndefu ya majina. Fulani akamzaa fulani, na fulani akamzaa fulani, na wengi wetu tukifika hapo hupita mbio ili tufike kwenye habari ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Tunadhani majina ya wazee waliokwisha kufa hayana chakula cha roho. Toleo hili tumependa kuwaletea maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye anaweza kutufanya tuisome orodha ile polepole zaidi. Kwake yeye jina la mama na jina la bibi halikuwa jambo la fahari tu. Jina hilo ndilo lililoamua kama mtu ni mtu huru, au ni mali ya kuuzwa pamoja na ng'ombe na viti.

Mwanamke huyo ni Harriet Tubman. Wengi wetu tumesikia kwamba alitoroka utumwani, akarudi tena na tena kuwatoa wengine, mpaka watu wakampa jina la Musa. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini nyuma yake ipo habari ya ukoo wake, na bila kuijua hatuwezi kuelewa kwa nini alirudi.

Kwanza inafaa tujue sheria ya nchi ile. Katika jimbo la Maryland, kama katika majimbo mengine ya watumwa, mtoto alifuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni mtu huru. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujua haki yake hakuuliza baba yangu ni nani. Aliuliza mama yangu alikuwa wa nani, na alishikwa kwa masharti gani, na mama yake kabla yake. Nasi tufuate njia hiyo hiyo.

Bibi mzaa mama wa Harriet aliitwa Modesty. Alitoka Afrika katika jahazi la watumwa, akaja kuwa mali ya mtu mmoja aliyeitwa Atthow Pattison, mwenye shamba katika wilaya ya Dorchester, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake. Katika uzee wake Harriet alihesabiwa kuwa wa asili ya Waashanti, watu wa nchi ambayo leo ni Ghana. Hakuna karatasi inayothibitisha jambo hilo, wala hatushangai. Jahazi la watumwa halikuandika kabila wala jina la nyumbani. Hilo jina la Modesty lenyewe ni jina la Kiingereza, alilopewa na watu wengine. Jina aliloitwa na mama yake lilibaki ng'ambo ya bahari.

Modesty alimzaa binti karibu na mwaka 1785. Jina lake lilikuwa Harriet, lakini watu wote walimwita Rit. Mwaka 1791 mzee Pattison aliandika wosia wake, akafa mwaka 1797. Katika wosia huo alimwachia mjukuu wake, Mary Pattison, yule msichana Rit. Lakini aliweka sharti: Rit na watoto atakaowazaa watatumika mpaka watimize umri wa miaka 45, basi. Baada ya hapo utumishi wao ungekoma. Tafadhali, msomaji, likumbuke sharti hilo, maana habari yote inalizunguka.

Mary Pattison aliolewa na Joseph Brodess mwaka 1800, akapata mtoto wa kiume, Edward. Mume alikufa mapema, na mwaka 1803 Mary akaolewa tena na Anthony Thompson, mjane mwenye mashamba na misitu. Hivyo ndivyo Rit alivyoingia katika shamba la Thompson, na huko akakutana na Ben Ross, mtumwa wa Thompson, fundi hodari wa kazi za mbao, aliyeaminiwa kusimamia ukataji wa miti. Wakaoana karibu na mwaka 1808. Walizaa watoto tisa: Linah, Mariah Ritty, Soph, Robert, Minty, Ben, Rachel, Henry na Moses.

Yule wa tano, Minty, ambaye jina lake kamili lilikuwa Araminta Ross, ndiye aliyekuja kuitwa Harriet Tubman. Kwa muda mrefu watu walikisia tu mwaka wa kuzaliwa kwake, na mwenyewe hakuujua kwa hakika. Watafiti wa siku hizi walipopekua hesabu za zamani za Thompson wakaona malipo ya mkunga aliyemhudumia Rit mwezi wa Machi 1822. Tazameni jinsi ilivyokuwa. Kuzaliwa kwa mtoto huyu hakukuandikwa kwa ajili ya furaha ya nyumba, kuliandikwa kwa sababu fedha zilitoka mfukoni mwa bwana.

Mary alikufa mwaka 1810, na mwanawe Edward Brodess alipokuwa mtu mzima alidai watumwa wake. Akamchukua Rit na watoto mpaka shamba lake la Bucktown, na Ben akabaki kwa Thompson. Hivyo mume na mke walitengwa kwa umbali wa maili kadhaa, si kwa ugomvi wao, bali kwa sababu kila mmoja alikuwa na bwana wake.

Minty alikodishwa kwa watu wengine angali mtoto mdogo sana. Alipigwa mijeledi kwa kushindwa kazi za nyumbani, akatumwa majini wakati wa baridi kutazama mitego ya wanyama, akaugua. Alipokuwa kijana, mnyapara mmoja alirusha jiwe la mizani la ratili mbili ili limpate mtumwa aliyekuwa akikimbia, nalo likampata Minty kichwani. Alipona kwa shida, na tangu siku hiyo mpaka kufa alishikwa na usingizi wa ghafula hata katikati ya mazungumzo. Tangu hapo pia aliona ndoto na maono, na alizungumza na Mungu kama mtu anayezungumza na mzazi aliye karibu naye.

Lakini jeraha lililomwuma zaidi halikuwa la kichwa. Dada zake watatu, Linah, Mariah Ritty na Soph, waliuzwa kwenda majimbo ya kusini. Hawakuonekana tena. Sheria ya Maryland ilikataza kuwauza nje ya jimbo watu ambao utumwa wao ulikuwa wa muda, nao kwa wosia ule wa 1791 walikuwa watu wa namna hiyo. Lakini nani angewatetea? Wenyewe hawakujua kusoma, na karatasi ilikuwa imefungiwa katika ofisi ya mahakama.

Alipokuja mnunuzi kutoka Georgia kumtaka kitinda mimba Moses, Rit alisema hapana kwa vitendo. Alimficha mtoto msituni na kwa majirani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwishowe bwana na mnunuzi walipomjia nyumbani, mama huyu aliwaonya kwamba wa kwanza kuvuka kizingiti atapasuliwa kichwa. Wakaondoka, na biashara ikavunjika. Minty alijifunza siku hiyo kwamba mtu mnyonge anaweza kusimama. Nasi tukihesabu umri wa Rit, inaelekea Moses alizaliwa baada ya mama yake kupita miaka 45. Kama wosia ungefuatwa, basi mnunuzi yule alikuja kununua mtoto wa mwanamke huru.

Upande wa baba mambo yalikwenda vingine. Anthony Thompson alikufa mwaka 1836, na katika wosia wake aliagiza Ben Ross apewe uhuru wake baadaye na atumie ekari kumi za ardhi maisha yake yote. Wosia huo ulitimizwa, na mwaka 1840 Ben akawa mtu huru. Hapo Minty aliona jambo la ajabu: karatasi ya marehemu mmoja ilikuwa imemweka baba yake huru. Je, hapakuwa na karatasi kama hiyo kwa mama?

Karibu na mwaka 1844 aliolewa na John Tubman, mtu huru, na karibu na wakati huo akaliacha jina la Minty akachukua jina la mama yake, Harriet. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtumwa, watoto wake wote wangekuwa watumwa wa Brodess hata kama baba yao ni huru. Basi akafanya jambo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote aliyoyafanya kabla ya kutoroka. Mwanamke huyu asiyejua kusoma herufi hata moja alichukua dola tano alizozichuma kwa jasho, akamwendea wakili, akamwomba atafute wosia wa bwana wa kwanza wa mama yake.

Wakili alipekua vitabu miaka mingi nyuma, akasema hakuna kitu, na afadhali aache. Harriet akamwambia arudi nyuma zaidi. Akarudi nyuma zaidi, akauona. Sharti la miaka 45 lilikuwepo, limeandikwa kwa wino. Mama yake alikuwa amekwisha kutimiza umri huo zamani, na hakuna aliyemwambia.

Wasomaji wetu watauliza, je, uhuru ulipatikana hapo? Hapana. Wakili alimpa habari tu. Kufungua kesi kulitaka fedha na mashahidi, na aliyeshtakiwa angekuwa mzungu mwenye shamba katika nchi ya wenye mashamba. Harriet alitoka pale akiwa ameelewa jambo moja: familia yake ilikuwa ikishikwa kwa udanganyifu hata kwa sheria yao wenyewe.

Mwanzo wa mwaka 1849 Edward Brodess alikuwa mgonjwa na mwenye madeni, na habari zilienea kwamba atawauza watu wake. Harriet alimwombea usiku na mchana, kwamba Mungu ambadilishe moyo. Aliposikia kwamba uuzaji uko karibu akabadili sala yake, akaomba kwamba kama mtu huyu hatabadilika, Bwana amwondoe. Mwezi wa Machi Brodess akafa. Harriet hakushangilia. Alisikitika sana kwa sala yake ile, akatamani kama angeweza kumrudisha mtu yule. Tunaiandika habari hii kwa sababu sisi pia huomba tukiwa na uchungu, na ni vema kujua kwamba hata watu hodari wa imani wamewahi kujuta kwa sala waliyoiomba.

Kifo hicho kilizidisha hatari, maana mjane Eliza Brodess alitaka kuuza watumwa ili alipe madeni. Septemba 17, 1849, Harriet na kaka zake wawili, Ben na Henry, walitoroka. Tangazo likatolewa gazetini la kutaka warudishwe, zawadi dola 100 kwa kila mmoja. Katika tangazo hilo yeye bado aliitwa Minty, na umri wake ulitajwa kuwa miaka 27 hivi. Kaka zake waliogopa, wakarudi, naye akarudi pamoja nao. Muda si mrefu akaondoka tena, safari hii peke yake, akiifuata nyota ya kaskazini na kusaidiwa na watu wema walioficha watoro katika nyumba zao, mpaka akafika Pennsylvania, jimbo lisilo na utumwa.

Huko alipata uhuru, lakini hakuwa na mtu wa kumkaribisha. Wazazi, ndugu na rafiki wote walikuwa Maryland. Hapo ndipo alipoamua kwamba uhuru wa mtu mmoja pasipo jamaa zake haujakamilika. Alifanya kazi za upishi na za nyumbani mjini Philadelphia, akaweka akiba, na akaanza kurudi.

Wa kwanza kumtoa alikuwa mtoto wa dada yake. Mwezi wa Desemba 1850 Kessiah, binti wa Linah aliyeuzwa, alipandishwa mnadani na watoto wake wawili mbele ya mahakama ya Cambridge. Aliyeshinda mnada alikuwa mumewe mwenyewe, John Bowley, mtu huru asiyekuwa na fedha hizo. Kabla malipo hayajadaiwa akawachukua, wakakimbia kwa mashua mpaka Baltimore, na Harriet alikuwa akiwangoja huko.

Krismasi ya mwaka 1854 kaka zake Robert, Ben na Henry walikuwa wauzwe mara baada ya sikukuu. Harriet akawaendea. Walijificha katika kihenge cha mahindi karibu na nyumba ya wazazi wao huko Poplar Neck. Mzee Ben aliwaletea chakula akiwa amejifunga kitambaa machoni, ili akiulizwa aweze kusema kweli kwamba hakuwaona wanawe. Mama hakuambiwa, maana walijua hataweza kuzuia kilio chake. Alikuwa amechinja nguruwe na kupika, akawa akitoka mlangoni tena na tena kutazama njia. Watoto wake walimwona kupitia nyufa za mbao, mvua ikinyesha, wasiweze kumwita. Usiku wakaondoka. Walipofika Kanada wakaliacha jina la Ross wakajiita Stewart, ili wasipatikane. Mtu anayefuatilia ukoo huu leo lazima alijue jambo hilo, la sivyo njia inampotea hapo.

Mwaka 1855 mzee Ben alimnunua Rit kutoka kwa Eliza Brodess kwa dola 20. Alilipa fedha kwa ajili ya mke ambaye, kwa wosia wa 1791, alipaswa kuwa huru kwa miaka mingi. Na mwaka 1857, Ben alipotuhumiwa kusaidia watoro, Harriet alikuja kuwachukua wote wawili. Kwa kuwa walikuwa wazee wasioweza kwenda kwa miguu, aliwatengenezea gari la kukokotwa kutokana na vipande vya zamani, akamfunga farasi mzee, akawafikisha salama mpaka St. Catharines, Kanada.

Lakini si wote waliofika. Dada yake Rachel hakukubali kuondoka pasipo watoto wake, Ben na Angerine. Mwisho wa mwaka 1860 Harriet alipofika kumchukua, aliambiwa Rachel amekwisha kufa. Ili kuwatoa wale watoto zilihitajika dola 30 za kuwahonga watu, naye hakuwa nazo. Badala ya kurudi mikono mitupu alichukua familia nyingine iliyokuwa hatarini. Watoto wa Rachel walibaki. Katika safari zake 13 hivi aliwatoa watu 70 hivi, na hakuna hata mmoja aliyekamatwa mikononi mwake. Lakini tunadhani katika moyo wake aliwahesabu pia wale ambao hakuwapata.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza alihudumu kama muuguzi na mpelelezi wa jeshi la kaskazini. Juni 2, 1863, aliongozana na askari katika mto Combahee, jimbo la Carolina Kusini, na siku hiyo watumwa zaidi ya 700 walipata uhuru. Baada ya vita aliishi Auburn, jimbo la New York, katika nyumba aliyoinunua mwaka 1859, pamoja na wazazi wake. Ben alikufa mwaka 1871 na Rit mwaka 1880, wote wakiwa watu huru. Mwaka 1869 Harriet aliolewa na Nelson Davis, aliyekuwa askari, wakamlea binti waliyemwita Gertie. Nyumba yake haikukosa wazee, yatima na wagonjwa. Shamba alilolinunua kwa ajili ya kituo cha wazee alilikabidhi kwa kanisa la African Methodist Episcopal Zion mwaka 1903, na kituo kikafunguliwa mwaka 1908. Alikufa Machi 10, 1913, akazikwa katika makaburi ya Fort Hill. Kanisa la Episkopali la Marekani, lililo katika ushirika wetu wa Anglikana, limemweka katika kalenda yake ya kumbukumbu.

Tumeyajuaje yote haya? Baada ya Edward Brodess kufa, wajukuu wa mzee Pattison walimshtaki mjane, wakidai kwamba watumwa wale wakipita miaka 45 ni mali yao. Watu walikuwa wakigombea mali, lakini mashahidi wao wakaacha nyuma habari za Rit na watoto wake. Hata hasira ya wenye tamaa Mungu ameitumia kulinda kumbukumbu ya wanyonge. Na mwaka 2021 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba wamepata mahali ilipokuwa nyumba ya Ben Ross, katika zile ekari kumi alizoachiwa kwa wosia.

Ndugu zangu, habari hii si ya ng'ambo tu. Watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakaletwa Mbweni na Freretown walifika wakiwa hawana wa kuwatajia jina la babu. Daftari la ubatizo likawa kwa wengi wao ukurasa wa kwanza wa ukoo wao. Kwa hiyo tunapowaomba wazazi waandike vizuri majina yote matatu katika fomu ya ubatizo, tusione kwamba kasisi na makarani wa parokia wanatusumbua. Na wale wenye bibi na babu walio hai, waketi nao kabla jua halijatua, waulize majina, wayaandike. Tusiogope kukuta utumwa, au umaskini, au jambo la aibu. Katika orodha ya Mathayo wamo Rahabu na Ruthu, na Bwana wetu hakuona haya kuzaliwa katika ukoo huo.

Harriet alimwambia wakili arudi nyuma zaidi. Mungu atujalie nasi moyo wa kutowasahau waliotutangulia, na wa kutokwenda mbele pasipo wale waliobaki nyuma.